Ondoa Harusi, Uone Imani Inayobaki

Riwaya ya mapenzi ya Kikristo humfundisha msomaji mambo ya Mungu kwa msuko wake kuliko kwa aya inazonukuu. Aya zinaonekana. Zimewekwa mwanzoni mwa kitabu au kinywani mwa bibi mcha Mungu aliyeketi jikoni, na msomaji makini anaweza kuzipima. Msuko hufanya kazi kimyakimya: nani anapata nini, baada ya kufanya nini, na nani anaachwa kando. Msomaji akimaliza kitabu cha ishirini cha aina hiyo huenda hakumbuki aya hata moja, lakini tayari amebeba picha kamili ya jinsi Mungu anavyowatendea wanaomtii. Picha hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, na kipimo kinachofaa kuliko vingine ni hiki: ondoa harusi ya mwisho, kisha angalia kama imani ya mhusika bado ina sababu ya kuwapo.

Wanaovidharau vitabu hivi hukosea mahali pamoja. Husema mwisho wake unajulikana, basi vya nini? Ni kweli unajulikana. Kwa sababu hiyo hiyo uzito wote umehamia njiani, kwenye yale yanayompata mhusika kabla ya kufika. Msomaji haulizi kama wataoana. Anauliza wataoana wakiwa watu wa namna gani.

Umbo lenyewe lina vipimo vyake. Chukua vitabu vya Love Inspired, mkondo ulioanzishwa na kampuni ya Harlequin mwaka 1997. Kitabu kimoja kina maneno yapatayo 55,000, yaani kurasa zaidi kidogo ya 200. Hakuna matusi, hakuna kulala pamoja nje ya ndoa, na ya ndani ya ndoa huachwa nyuma ya mlango uliofungwa. Usimulizi huwa wa nafsi ya tatu, wakati uliopita, ukipokezana kati ya mawazo ya mwanamke na ya mwanamume, kila onyesho likibaki ndani ya kichwa cha mmoja wao. Kuna nyuzi tatu: safari ya mwanamke, safari ya mwanamume, na safari ya imani, ambayo huwa ya mmoja wao au ya wote wawili. Zikipita robo tatu za kitabu, mambo huvunjika. Siri inafichuka, mmoja anafunga mizigo, ahadi inaonekana ilikuwa ya uongo. Kisha kuna sala, kisha wanapatana, na mara nyingi kuna sura fupi ya mwisho yenye mtoto mchanga au mti wa Krismasi.

Kurasa za kusoma kwa penseli mkononi ni zile zilizo kati ya kuvunjika na kupatana. Ni chache, labda kumi, labda ishirini, na ndimo mwandishi anapotamka anachokiamini hasa. Hapo mhusika hana mpenzi, hana matumaini, na Mungu hajamjibu. Akiomba, anaomba nini? Kama sala yake yote ni "nirudishie", imani katika kitabu hicho ni chombo cha kumpatia mtu mume. Kama anafika mahali pa kusema kwamba Mungu ni Mungu hata asiporudishiwa kitu, hapo kuna jambo la kukaa nalo. Angalia pia urefu wa kungoja. Mwandishi akimpa mhusika sala jioni na jibu asubuhi, kitabu kizima kinafundisha kwamba kujikabidhi kwa Mungu ni sarafu ya kulipia.

Fundisho hili la malipo ni la zamani kuliko maduka ya vitabu vya Kikristo. Mwaka 1740, jijini London, Samuel Richardson alichapisha Pamela, kisa cha msichana mtumishi anayemkataa bwana wake anayemwandama na kumfungia ndani, na kichwa cha pili cha kitabu kilitangaza kwamba huo ni wema uliotuzwa. Tuzo lenyewe ni ndoa, na mume ni yule yule aliyekuwa akimtesa. Kila riwaya ya mapenzi inayotaka kuwa ya uadilifu imerithi tatizo hilo. Ukionyesha wema unaozaa ndoa, umeufanya wema kuwa njia ya kuolewa. Usipouonyesha, umevunja ahadi ya aina ya kitabu ambacho msomaji amenunua.

Kuna waandishi waliopata njia ya kupita. Mwaka 1979 shirika la Bethany House la Marekani lilitoa Love Comes Softly cha Janette Oke, Mkanada, kitabu kinachotajwa sana kuwa mwanzo wa wimbi la sasa. Marty, kijana mjamzito, anafiwa na mume njiani kuelekea magharibi. Clark, mgane mwenye mtoto mdogo wa kike, anampa ndoa ya makubaliano: amlelee mtoto, na majira ya kuchipua yakifika, akitaka kuondoka, atampa nauli ya kurudi kwao mashariki. Wengi hukumbuka sala za Clark mezani. Mimi naona nauli ile ndiyo nguzo ya kitabu. Kwa sababu mlango uko wazi, kubaki kwa Marty kuna maana, na imani yake inapokua taratibu mwaka unavyosonga, msomaji anajua hakuna aliyemshika mkono. Clark haombi ili kumnasa. Ombi lake la chakula lingekuwa lile lile kama Marty asingekuwapo mezani. Hata msuko wa kitabu unatii teolojia yake, na hilo ni nadra.

Linganisha na makosa ya kawaida ya kisa cha mwanamume asiyeamini. Kanuni ya Paulo kwa Wakorintho, "Msifungiwe nira pamoja na wasioamini", inafuatwa kwa ukali katika riwaya hizi: mwanamume lazima aokoke kabla ya harusi. Basi anaokoka. Mara nyingi anaokoka kurasa thelathini kabla ya mwisho, peke yake ghalani au ndani ya gari lililoegeshwa, na shahidi pekee ni mwanamke anayetaka kuolewa naye. Mchungaji yeyote aliyewahi kuongoza mafundisho ya ndoa anamfahamu kijana huyo. Anafahamu pia kwamba wiki tatu hazitoshi kujua kama ameokoka au amependa. Mwandishi mwangalifu hurekebisha kwa hatua ambazo si ngumu: mwanamke anamkataa kwa dhati, si kwa kumjaribu, mwanamume anaondoka, imani inamjia kwa sababu nyingine kabisa, kwa kifo cha baba, kwa deni, kwa rafiki wa gerezani, na muda unapita, msimu mzima au mwaka, akiwa hana tumaini la kumpata. Akirudi, anarudi akiwa Mkristo ambaye angebaki Mkristo hata mwanamke akisema hapana. Ukisoma, andika pembeni sura aliyookoka na sura aliyoposa. Zikiwa zimefuatana, usiamini haraka.

Ajabu ni kwamba Biblia, ambayo riwaya hizi huichota visa, haina haraka hiyo. Kitabu cha Ruthu kina sura nne tu, na ndicho kinachosimuliwa upya labda kuliko vyote. Ndani yake watu wanalitaja jina la Bwana mara kwa mara katika salamu, baraka na viapo, lakini Mungu mwenyewe anatajwa kutenda jambo mara mbili tu: anawapa watu wake chakula, 1:6, na anamjalia Ruthu mimba, 4:13. Yaliyo katikati yanafanywa na mikono ya watu: kuokota masazo, kushauriana, kwenda uwanja wa kupuria usiku, kuketi langoni. Hakuna sauti kutoka mbinguni inayomwambia Ruthu kwamba Boazi ndiye. Riwaya nyingi za leo zimejaa sauti hiyo. Mhusika "anahisi moyoni" kila sura, na msomaji anafunzwa kuitarajia sauti ile ile kwenye maisha yake.

Afrika Mashariki tunajua madhara yake. Katika vikundi vya ushirika, hasa vyuoni, si jambo geni kijana kumwambia dada kwamba amefunuliwa kuwa yeye ndiye mkewe, na dada akabaki akipigana na Mungu badala ya kumjibu kijana. Dawa ya hilo ilishaandikwa mwaka 1847. Katika riwaya ya Jane Eyre, kasisi St. John Rivers anamtaka Jane waende India wakiwa mume na mke, na anamwambia kwamba huo ni mwito wa Mungu. Jane yuko tayari kwenda kutumika, lakini hataki ndoa isiyo na upendo. Anakaribia kushindwa na uzito wa maneno matakatifu yanayotumiwa kumsukuma, lakini anakataa. Charlotte Brontë, binti wa kasisi, alielewa kwamba kumkataa mtu anayesema kwa jina la Mungu kunaweza kuwa tendo la imani. Nadhani kila mwandishi wa riwaya za aina hii anapaswa kuwa na onyesho la namna hiyo angalau mara moja katika maisha yake ya uandishi.

Kisa cha Hosea, nabii aliyeagizwa na Mungu amwoe Gomeri, mwanamke asiye mwaminifu, kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo kosa linaweza kuumiza mwili. Katika sura ya 3 nabii anamnunua mwanamke kwa vipande kumi na vitano vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Gomeri hatuambiwi aliitikiaje. Maneno anayowekewa mke katika sura ya 2 yanatoka kwa anayemshtaki. Ndoa ile ni ishara ya Mungu na Israeli, na katika ishara mume anasimama mahali pa Mungu, asiyekosea. Ukiihamisha kuwa riwaya ya mume na mke wa kawaida, unampa mwanamume mmoja kiti cha asiyekosea, na kila mara mke anapokimbia, ni yeye mwenye kosa.

Redeeming Love cha Francine Rivers, kilichotoka mwaka 1991 na kutolewa upya mwaka 1997 kwa ajili ya soko la Kikristo, kinaipeleka ishara hiyo California ya miaka ya kukimbilia dhahabu. Wanaokipinga husema Michael, mkulima, anamwoa Angel, kahaba, akiwa amepigwa hata hajitambui vizuri, na anamfuata kila anapotoroka. Wanasema kweli. Lakini kitabu chenyewe kina sehemu ambayo muhtasari wake huiacha. Angel anaondoka tena, anakaa mbali kwa muda mrefu, anakutana na Mungu San Francisco bila Michael kuwapo, na anaanza kazi ya kuwasaidia wasichana watoke kwenye ukahaba. Sehemu hiyo inasimama hata ukifuta ndoa yote. Ningempa msomaji sehemu hiyo kwanza, na ningemkataza mtu yeyote kumpelekea kitabu hiki mwanamke anayepigwa na mume wake. Huyo anahitaji mahali salama pa kulala, daktari, na mtu wa kwenda naye polisi, na Hosea asitumiwe kumrudisha.

Msamaha ndio uzi mwingine unaokatika kirahisi. Mwaka 2021 chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kilitoa tuzo yake mpya, VIVIAN, kwa riwaya ya Kikristo At Love's Command, kisha kikaiondoa siku chache baadaye. Shujaa wa riwaya hiyo alikuwa askari katika mauaji ya Wounded Knee ya tarehe 29 Desemba 1890, ambapo jeshi la Marekani liliwaua Walakota, watu wa asili wa Amerika, wasiopungua 150, wengi wao wanawake na watoto, na makadirio mengine yanafika 300. Anashtuka kwa aliyoyashiriki, anamwomba Mungu msamaha, anaacha jeshi, na kisa cha mapenzi kinaendelea Texas. Watetezi walisema neema haina mipaka, na ni kweli. Ila katika msuko huo Walakota wako kwa ajili ya kumpa shujaa majuto. Hawana jina, hawana neno, na hakuna anayewarudia. Fungua Luka 19. Zakayo anapookoka, neno lake la kwanza lina hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anarudishiwa mara nne. Yesu anatamka wokovu wa nyumba ile baada ya hesabu hiyo. Basi kwenye penseli yako ongeza swali: aliyekosewa yuko wapi katika sura ya toba? Kama hayupo, toba imefanywa rahisi kuliko Biblia inavyoifanya.

Kuna jambo dogo la soko linaloeleza upungufu mwingine. Kwa miaka mingi riwaya hizi ziliuzwa kupitia maduka ya Kikristo ya Marekani, ambayo watu wake wa kuchagua vitabu vya kuuza waliogopa malalamiko ya wateja. Family Christian ilifunga maduka yake takriban 240 mwaka 2017, na LifeWay, iliyo chini ya Wabaptisti wa Kusini, ilitangaza kufunga yake 170 mwaka 2019. Mchapishaji aliyetaka kumwuzia Mbaptisti, Mmethodisti na Mpentekoste kitabu kile kile alilazimika kuacha yote yanayowatenganisha. Ndiyo maana wahusika hawa huomba sana na huenda kanisani, lakini ni nadra kuwaona wakibatizwa au wakishiriki Meza ya Bwana. Imani inabaki ya mtu na moyo wake. Hata Waamishi wa Pennsylvania, jamii ya Wakristo wanaojitenga na maisha ya kisasa, waliopata umaarufu katika riwaya tangu The Shunning cha Beverly Lewis mwaka 1997, huandikwa hasa na watu wasio Waamishi, na mara nyingi shujaa wa kike hugundua uhakika binafsi wa wokovu kwa lugha ya kiinjili, wakati jamii yake yenyewe husema kwa unyenyekevu kwamba ina tumaini. Msomaji Mkatoliki, Mlutheri au Mwanglikana wa huku kwetu ajue kwamba kanisa limepunguzwa katika vitabu hivi kwa sababu za biashara.

Namna ya kusoma, basi. Soma mara ya kwanza kwa raha, bila penseli, kama kilivyoandikwa kisomwe. Furaha hiyo si dhambi wala si upuuzi. Baada ya siku chache rudi. Kila penye sala, andika pembeni herufi moja: O kwa ombi, T kwa toba, S kwa shukrani, L kwa kulia mbele za Mungu bila kuomba kitu. Kitabu chenye O tupu kitajionyesha chenyewe. Zaburi zimejaa L, na riwaya nyingi hazina hata moja. Kisha kila aya inayonukuliwa isome sura yake nzima. Yeremia 29:11, inayopendwa mno katika vitabu hivi, iliandikwa kwa watu walio uhamishoni Babeli, na aya iliyo juu yake inataja miaka 70. Wengi waliosikia barua ile wangezikwa huko huko. Warumi 8:28 inafuatwa na aya inayoeleza huo wema ni upi: kufananishwa na Mwana. Hakuna mume aliyetajwa.

Mwisho, mtafute mwanamke asiyeolewa. Karibu kila riwaya ya namna hii ina shangazi, mwalimu au mjane mwenye hekima anayetoa ushauri saa ya giza. Je, ana maisha yake, kazi, huzuni, sala isiyojibiwa, au yupo tu kumsukuma binti kuelekea madhabahuni? Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anaihesabu hali ya kutokuoa kuwa karama. Kitabu kinachompa mwanamke huyo utu kamili kimekwisha kuukataa msuko wa malipo, hata kama sura ya mwisho ina keki ya harusi.

Kwenye kikundi, gawa kitabu kwa wiki nne na msisome sura mbili za mwisho hadi wiki ya nne. Mkutano wa wiki ya tatu ufanyike wakati mambo yamevunjika na hakuna anayejua yatapatanaje. Waliokwisha kusoma wanyamaze. Mazungumzo ya jioni hiyo huwa bora kuliko yale ya baada ya harusi, kwa sababu wanakikundi wengi wako hapo hapo katika maisha yao: wamechumbiwa wakaachwa, wameomba mtoto, wamezika.

Msomaji wa Kiswahili atakutana pia na pengo ambalo Wamarekani hawalioni. Katika riwaya zao watu wawili huamua wenyewe, na wazazi huja kama wageni waalikwa. Hakuna mshenga, hakuna mahari, hakuna mjomba aliyekasirika kwa kutoshirikishwa. Ruthu anatufahamu zaidi: Boazi anakwenda langoni, anaketisha wazee kumi, ndugu aliye karibu zaidi anapewa nafasi yake kwanza, anaikataa kwa kuogopa kuharibu urithi wake, na kiatu kinavuliwa mbele ya mashahidi. Mambo hayo ni ya kila siku hapa. Vitabu vya namna hii vilivyoandikwa kwa Kiswahili bado ni vichache, na waandishi wetu wana malighafi ambayo mwenzao wa Texas hana. Wana mahari inayobishaniwa na walokole wanaodai kumtegemea Mungu kwa kila kitu. Wana ndoa mchanganyiko inayosubiri kibali cha askofu. Wana matangazo ya ndoa, Jumapili tatu mfululizo, ambapo mwenye pingamizi anatakiwa kujitokeza na bibi harusi hajui atakayesimama. Wiki hizo tatu zinatosha kwa riwaya nzima, pamoja na sala za L.